Cherehani Iliyoanguka Marekani

Juzi mwanangu mkubwa kabomoa mtoto wake wa bandia, yule anayelia ukimlaza, akaja kunitilia betri kiganjani. Zilikuwa zimevuja. Ule uji mweupe wenye harufu ya chuma na siki ukanipanda puani, na mimi, mwanamke mzima, na mdogo wake yuko mikononi ananyonya, nikashikwa na hasira palepale jikoni kwangu hapa Nizwa. Mume wangu akauliza, "Nani kakuudhi?" Nikamwambia redio. Akageuka kuitazama rafuni. Ilikuwa imezimwa.

Si hiyo. Redio ninayoisema mimi ilikuwa ya Ibra, kubwa kama sanduku la safari, ina koti la ngozi lenye vitundu upande wa sauti. Nyie wa rika langu mnazikumbuka. Zikila betri kubwa kubwa, na betri Baba alizinunua Bidbid kwenye maduka ya njiani alipokuwa anarudi kutoka Maskati, kwa hiyo zikichoka hazitupwi. Mama akizipanga juu ya ukuta wa dari zinywe jua, karibu na papa anayekaushwa. Jioni zinarudishwa, redio inafufuka kidogo, na nyumba nzima inanuka chuma.

Sisi tulikuwa tumerudi. Hivyo ndivyo walivyosema, "wamerudi", ingawa mimi nilizaliwa Dar es Salaam na Mama hakuwahi kuiona Ibra mpaka siku alipoteremka kwenye lori na mbuzi yake ya nazi kwapani. Babu yake Baba ndiye aliyetoka hapo. Kila mtu alituambia kwamba hapa ndipo nyumbani kwetu, na kila mtu alituita Zinjibari. Wanawake wa mtaani walikuwa wema, siwasingizii, lakini walimcheka Mama Kiarabu chake na walimcheka chakula chake. "Ndizi mnazitia chumvi?" akiuliza jirani yetu, Ummu Saidi, kwa sauti ya mtu aliyesikia kwamba tunakula sabuni.

Alichokuwa nacho Mama ambacho wao hawana ni redio mchana. Redio za waume zao zilikwenda sablani, kwenye ukumbi wa wanaume, na huko zikikaa. Ya kwetu ilibaki nyumbani kwa sababu ilisema Kiswahili zaidi, na wanaume wa sablani Kiswahili cha nini? Basi baada ya alasiri wanawake walikuja kwetu kunywa kahawa na kuuliza khabari.

Na Ibra khabari si kitu cha kupayukwa. Mgeni anakaa, ananawa, anakula tende, anakunywa vikombe vyake, ndipo anaulizwa: ulumu, yaani khabari gani? Naye atajibu kwanza kwamba ni kheri tu, hata kama paa la nyumba yake linaungua. Kisha ndio anaanza. Akianza hakatizwi. Akimaliza habishiwi, maana kumbishia mtu ulumu zake ni kumwita muongo na kikombe chake kiko mkononi. Na ziwe kamili! Ukileta khabari fupi wanakutazama kama umewawekea sinia tupu. Mama alilijua hilo. Kwa mwanamke anayechekwa Kiarabu chake, ile nusu saa ya kusikilizwa ilikuwa kubwa.

Sasa nije kwa Zamzam.

Zamzam ni dada yangu. Alikuwa msichana mkubwa mimi nikiwa bado natoka majino. Alisoma sekondari Dar, Kiingereza chake kilikuwa kinamtiririka, na serikali ilikuwa inatafuta wasichana wa kupeleka nje. Akachaguliwa kwenda Marekani kusomea kazi ya maabara ya hospitali, yeye na wasichana wawili wa Maskati. Baba alizunguka, akanuna, akaswali, akazunguka tena, na siku moja, anapunguza ndevu mbele ya kioo, akasema, "Haya, nenda." Hivyo tu. Zamzam akatoka mbio mpaka kwenye mitende, akapiga ukelele mmoja, akarudi na adabu zake.

Tangu siku hiyo alikuwa hatulii. Akinikamata mkono, akinitazama mshipa, akiniambia kwamba ndani ya tone moja mna vitu vinaogelea na yeye atavihesabu. "Kila mtu ana damu," akisema, "na hakuna anayeijua." Nilimwogopa kidogo na nilimpenda mno.

Kwenye redio Marekani zilikuwa mbili. Kulikuwa na idhaa moja ya kigeni ikiichukia Marekani kama mke mwenza. Huko watu walilala njaa chini ya majumba marefu, weusi walipigwa, wazee walitupwa na watoto wao. Ukizungusha kidude kidogo unaikuta idhaa ya pili, nayo ikiisifu Marekani kama mama anayetafutia binti yake mume. Kwa idhaa hiyo hakuna Mmarekani aliyewahi kuumwa hata jino. Zote mbili kwa Kiswahili safi. Mama akipenda ya kwanza, Baba ya pili, na Zamzam akikaa katikati na kidude mkononi.

"Huyu anasema moto, huyu anasema pepo," akasema siku moja. "Mimi nataka nikaone jikoni kwao mna nini."

Mimi niliwaamini wote wawili, na nitawaambia kwa nini. Chuoni, tulikosoma Kurani, mwalimu alitufundisha kwamba jambo linathibiti kwa mashahidi wawili waadilifu. Na mtangazaji kwangu alikuwa muadilifu kuliko mtu yeyote niliyemjua, kwa sababu alikuwa hakohoi. Baba alikohoa, mwalimu alikohoa, Mama alikata maneno katikati kumfukuza paka. Yule bwana alisema mwanzo mpaka mwisho bila ya kutafuta neno. Mtu anayesema hivyo atasemaje uwongo? Na jengine: mtaa wetu Ibra ulikuwa na lango, ukiingia umeingia, ukitoka umetoka. Basi na Marekani niliijua hivyo hivyo, mtaa mmoja mkubwa wenye lango moja na njia za kupinda. Likitokea jambo Marekani, limetokea mlangoni kwa kila mtu.

Mtoto ana haki ya kudhani hivyo. Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba watu wazima wote walidhani hivyo hivyo, na wengine wanalipwa mshahara kututia dhana hiyo.

Jioni moja idhaa ya kwanza ikasema kwamba katika mji mmoja mkubwa wa Marekani umeme ulikatika usiku, watu wakavunja maduka, wakatia moto. Hili lilikuwa kweli. Nikiwa skuli nililifuatilia, nimelisoma. Umeme ulikatika na maduka yalivunjwa. Lakini bwana yule hakuishia hapo. Kwa sauti ileile isiyokohoa akasema kwamba hii ndiyo sura ya kweli ya Marekani, kwamba jamii ile imegeukana, kwamba hakuna aliye salama ndani ya nyumba yake. Mji mmoja ukawa nchi. Usiku mmoja ukawa kila siku. Hakusema ni mitaa gani. Hakusema nani kaona. Zamzam akazungusha kidude. Idhaa ya pili ikasema umeme ulikatika na umerudi, raia walisaidiana kwa mishumaa, na sasa muziki.

"Waongo wote," akasema Zamzam. "Yule kazidisha, huyu kafuta."

"Wewe mwana wewe," Mama akamwambia, "watu wanaungua, wewe unasahihisha insha."

Kesho yake alasiri Zamzam alikuwa kwenye falaji, mfereji wa maji wa mtaa, anafua. Wanawake wakaja, wakanawa, wakala tende. Ummu Saidi akaweka kikombe chini.

"Ulumu, ewe Zinjibari?"

"Kheri, hakuna ulumu," akasema Mama. Kisha akaeleza: Marekani, umeme, maduka.

"Giza tu?" Ummu Saidi akashangaa. "Sisi giza letu la kila siku, nani kavunja duka la mtu?"

Wakacheka. Mama naye akacheka, lakini nilimwona kashituka. Khabari imekwisha na kahawa bado imejaa birika. Wakawa wanamtazama.

"Ee, na kisha?"

Na kisha Mama akaendelea. Alianza polepole, anatafuta maneno ya Kiarabu, halafu yakawa yanamjia yenyewe. Akasema watu walipanda juu ya nyumba kwa ngazi za ndani, unasikia miguu yao ngazini kabla hujawaona. Akasema mtu mmoja alitoka na tundu la kasuku, analikumbatia kama mtoto, na kasuku ndani anasalimia watu. Akasema cherehani ilirushwa kutoka roshanini. Ilikuwa inashonewa gauni la sikukuu la mtoto, kitambaa cha kijani, na ikaanguka njiani na kitambaa bado kimeshikwa na sindano. "Ikavunjika gurudumu," akasema, "na kile kitambaa kikawa kinapepea pale chini, na hakuna anayethubutu kushuka kukichukua."

Sauti yake haikuwa sauti ya kusimulia redio. Mikono imetulia mapajani. Mimi nilikuwa naiona cherehani ile, wallahi.

"Na mtoto?" akauliza Ummu Saidi, machozi yanamtoka chini ya barakoa. "Mtoto mwenye gauni?"

"Chini ya kitanda," akasema Mama. "Kaambiwa asipumue."

Wanawake wakaondoka mapema siku hiyo, na hakuna aliyeaga vizuri.

Baba alirudi kutoka sablani baada ya Isha. Kwa kawaida akivua kilemba kwanza, akiuliza kuna nini cha kula. Siku hiyo alisimama mlangoni na kilemba chake.

"Zamzam. Huendi."

Zamzam alikuwa anapasi kanzu yake kwa pasi ya makaa. Akaiweka wima. "Siendi wapi, Baba?"

"Unajua wapi. Khabari zimethibiti. Nilidhani ni maneno ya redio, redio inasema hivi, nyengine inasema vile. Lakini leo sablani wamezisema watu wa kuaminika, huyu kazisikia kwake, huyu kazisikia kwake, na zimewafikiana neno kwa neno. Huko watu wanaingiliwa majumbani. Mzee mmoja kaniuliza mbele ya watu wote, si huko ndiko unakompeleka binti yako? Nikasema simpeleki. Nimetoa neno langu."

Mama akashika kifua. "Umeona, Zamzam? Umeona? Mimi nilisema!"

"Cherehani wanaitupa kutoka ghorofani," Baba akaendelea, "na gauni la mtoto limo sindanoni. Na mtoto mwenyewe, wanasema, kafa."

"Kafa?" Mama akapiga ukelele. "Inna lillahi! Kafa lini?"

Nami nilikuwa nakunja vidole nyuma ya mgongo: mtangazaji, Mama, watu wa sablani, Baba. Mashahidi tele. Nilikuwa nimeshaanza kulia, nikimwona Zamzam kwenye lango la Marekani na watu wanapanda ngazi.

Zamzam hakulia. Akauliza, "Gauni la rangi gani?"

"La kijani, nadhani."

"Lina kola nyeupe?"

"Kola sikuambiwa," akasema Baba kwa hasira. "Ndio maswali gani hayo?"

"Lina kola nyeupe. Na kasuku je? Hamkusikia kasuku?"

 Baba alikuwa amesikia kasuku.

Zamzam akamgeukia Mama. Akasema taratibu, kama unavyomwamsha mtu, "Mama. Mimi sikufa. Nilikuwa chini ya kitanda na sikufa. Nipo."

Mama akamtazama. Kisha akatazama mikono yake mwenyewe.

Hiyo ilikuwa nyumba ya Vikokotoni, Unguja, siku za Mapinduzi, kabla sijazaliwa. Baba siku zile alikuwa kashikwa, yuko ndani na wenzake, na alipotoka hakuhadithiwa. Aliambiwa cherehani imepotea. Mama hakuwahi kumwambia mtu yeyote, si yeye, si mama yake mzazi. Miaka yote ile hakuisema, na siku ilipomtoka ilimtoka kwa jina la Marekani.

"Sikukusudia," akasema. "Nilianza na Marekani, wallahi nilianza na Marekani. Sijui nilipovukia."

"Kwa hiyo khabari za sablani," Baba akasema, anafikiri huku anasema, "Ummu Saidi kampa mumewe…"

"Na wengine wamewapa waume zao," akasema Zamzam, "na waume zao wamekupa wewe, na wewe umemletea Mama khabari zake mwenyewe, kashituka nazo. Basi hakuna kitu, Baba. Kesho waambie."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba si kweli."

"Niwaambie kwamba khabari ilitoka jikoni kwangu? Kwamba sabla nzima, wazee na ndevu zao, wamehuzunika kwa cherehani ya mke wangu? Watanicheka mpaka Sur. Hapa sisi bado ni wageni, Zamzam."

"Si tumerudi?"

Baba akaitazama redio.

"Yule wa redio kasema uwongo," akasema Zamzam, na hapo ndipo sauti ilipomkatika, "Mama kasema kweli ya mahali pengine, na anayekaa nyumbani ni mimi. Kwa kosa lipi?"

"Nimetoa neno langu," akasema Baba. Sasa akavua kilemba.

Leo nina watoto wangu mwenyewe na bado nikikumbuka nataka kuvunja kitu. Mtanisamehe, si hasira juu ya Mama. Mama nimemsamehe bila ya yeye kuniomba. Hasira yangu ni juu ya yule bwana asiyekohoa. Alipewa mji mmoja na usiku mmoja, na angesema hivyo tu, mji mmoja, usiku mmoja, Mama angekuwa na khabari fupi na aibu ndogo ya sinia tupu, basi. Lakini aliacha mlango wazi. Alisema "hakuna aliye salama nyumbani mwake" na akaenda zake kunywa chai, na kila aliyesikia akaingiza humo hofu yake mwenyewe. Na yule wa mishumaa naye simwachi. Angekiri maduka yaliyovunjwa, Baba angekuwa na la kumjibu mzee sablani, angesema, naam, nimesikia, ni mitaa kadhaa, kumeshatulia. Kampa mishumaa! Mtu utakwenda na mishumaa mbele ya cherehani?

Siku hizi akija mgeni kwangu akaniambia Wamarekani wako hivi, au Waafrika wako vile, au watu wa Dhofari, namuuliza mtaa gani na nani kaona. Mume wangu anasema nafukuza wageni. Nafukuza.

Lakini Mama alijaribu, na hilo lazima niliseme kwa sababu wengi hawajaribu. Kesho yake alasiri wanawake walikuja tena. Mama alikuwa amevaa vizuri, kama anakwenda kutoa pole. Hakungoja kuulizwa wala hakusema kheri kwanza, jambo ambalo peke yake liliwafanya wote waache kutafuna.

"Ile cherehani," akasema, "ni yangu. Yule kasuku wangu. Si Marekani. Ni kwangu, Unguja. Marekani wamevunja maduka katika mji mmoja, hayo ndiyo niliyosikia, mengine yote ni yangu. Na mtoto ni huyu Zamzam, mzima. Nawaombeni mkawaambie waume zenu."

 Ummu Saidi akainuka, akavuka mkeka, akakaa ubavuni mwa Mama, akamshika mkono kwa mara ya kwanza tangu tuteremke kwenye lori. "Maskini dada yangu," akasema. Wakalia pamoja. Mwanamke mmoja akataka kujua kasuku alikuwa anasema nini, Mama akamwambia, wakacheka na machozi yao. Kuanzia siku ile hawakumcheka Kiarabu chake tena. Walimpenda, na mimi pembeni, na akili yangu ya kitoto, nikadhani basi, limekwisha, jioni hii litavuka kwa wanaume kama lile lilivyovuka, na Baba atarudi nalo.

Nikamngojea mlangoni jioni ile. Nikamngojea na ya pili yake. Zamzam hakuja mlangoni, lakini nilijua anasikiliza, maana kila Baba akiingia alikuwa anaacha kufanya alichokuwa anafanya. Baba aliingia na khabari ya ngamia aliyegongwa na gari, na khabari ya mtu wa Birkat al-Mauz anayeoa mke wa pili. Maskati wakataka jibu, Baba akalipeleka, na nafasi akapewa msichana mwengine. Mimi bado nangoja mlangoni.

Mwisho nikachoka, nikamuuliza mwenyewe.

"Baba, sablani wamesemaje Marekani?"

"Marekani?" Alikuwa anavua viatu, ikamchukua muda kukumbuka. "Aa, hayo si yalikwisha, mwanangu. Leo watu wameshughulika na zamu za maji."

Zamzam alikuwa jikoni anakuna nazi, mgongo kaupa mlango. Aliendelea kukuna. Nikamwendea nikamwambia nyama ya nazi imekwisha, anakuna kifuu. Akasema anajua.